Njaa ya Fundi Saa

Vikombe vilikuwa sita, na maziwa ya vyote sita yasingejaza bakuli moja kubwa. Mama Sufuria aliviona vimepangwa juu ya kabati la kitanda, kila kimoja na mfuniko wake wa karatasi, kila mfuniko na saa yake imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Akadhani ni dawa.

"Hiki ndicho chakula chake cha leo," alisema mtaalamu wa lishe.

"Cha asubuhi?"

"Cha leo, mama. Mpaka kesho wakati kama huu."

Mama Sufuria alicheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Yeye ni mpishi. Siku zote za kazi huwapikia vibarua mia mbili wa ujenzi, watu wanaobeba zege mabegani tangu jua halijawaka, na wakija kula huja kama nzige. Jina lake la kuzaliwa hawalijui. Wanajua upawa wake tu, kwamba ukiingia chungu hautoki mtupu. Sasa binti mwenye umri wa kuwa mwanawe alikuwa amesimama mbele yake na faili kifuani, anamwambia mumewe ale vijiko.

Mume alikuwa amelala chali. Shuka ilimfunika mpaka shingoni, na bado mbavu zake zilihesabika. Alikuwa fundi saa, mtu wa vidole vyembamba tangu ujana, lakini sasa wembamba ulikuwa umetoka vidoleni ukapanda mpaka usoni. Kwa miezi mitano koo lake lilikuwa likiziba kidogo kidogo, naye akaficha. Mezani alitafuna nyama, akafyonza maji yake, kisha akainama kama anayekohoa na kuitemea kwenye kitambaa anachofutia saa. Mkewe alipovikuta vile vitambaa nyuma ya kabati, hakufikiria ugonjwa. Alifikiria mapishi yake. Alilia siku nzima akiamini mume amemchoka.

Jana yake daktari alikuwa amepitisha mpira kooni na kupanua njia ya chakula. "Umio uko wazi," alisema. Mama Sufuria aliposikia hivyo aliinua mikono miwili juu kwa furaha. Njia iko wazi! Kumbe njia imefunguliwa ili wapite sisimizi?

"Amekaa na njaa muda mrefu," mtaalamu wa lishe alikuwa akieleza, huku akitazama kitanda kinachofuata ambako muuguzi alikuwa akimwita. "Uzito wake ni kilo arobaini na moja. Lazima tuanze polepole, tukipima damu kila siku, ndipo tunaongeza. Asipewe kitu kingine chochote. Tumeelewana, mama?"

"Ndiyo," alisema Mama Sufuria. Aliisema ndiyo ile inayosemwa hospitalini, ambayo maana yake ni kwamba mtu hataki kumsumbua mwenye koti jeupe.

*

Wifi yake alikuwa akimsubiri kwenye korido. Alikuwa dada mkubwa wa fundi saa, mwanamke mwenye goti bovu na mdomo mzima.

"Nimechungulia," alisema. "Wifi, ile ni nini? Kaka yangu amekuwa kifaranga?"

"Wamesema polepole."

"Polepole ni neno la aliyeshiba."

"Binti amesema damu kwanza ipimwe."

"Damu! Damu inatoka wapi kama si kwenye chakula?" Wifi aliegemea ukuta ili goti lipumzike, akapunguza sauti, na hapo ndipo Mama Sufuria alipojua kwamba kinachokuja kitauma. "Sikiliza. Mimi ni mtu mzima, sisemi kwa ubaya. Watu wanasema. Majirani wanasema mke mpishi, mume mifupa. Wanasema unanenepesha waume wa wenzio kwa mafungu, wako umemwacha akauke. Mimi nakutetea. Lakini kesho akifa na njaa, tena humu humu, nitakutetea kwa lipi?"

Mama Sufuria hakuwa mtu wa kujibu. Alikuwa mtu wa kupika.

Alirudi nyumbani akawasha jiko. Alipika uji mzito wa maziwa, akatia sukari mpaka kijiko kikawa kinasimama. Akaponda viazi kwa siagi, laini, visiwe na chembe ya kukwaruza koo lililopona jana. Akavimimina katika chupa mbili za chai, akazifunga ndani ya shuka safi alizokuwa akimpelekea mgonjwa, akalikumbatia fungu lile kama mtoto.

Wodini wifi alikwenda kumshika muuguzi. "Mwanangu, hebu nitazamie goti hili," alisema, na goti likaelezwa tangu siku lilipoanza kuuma, na mvua iliyokuwa ikinyesha siku hiyo. Nyuma ya pazia Mama Sufuria alimwinua mumewe, akamwekea mto mgongoni, akapeleka kijiko cha kwanza.

Fundi saa alimeza. Alisubiri, macho ameyafumba, kama anayesubiri kofi. Kofi halikuja. Akafumbua macho.

"Kimepita," alinong'ona.

"Kimepita?"

"Chote. Sijasikia hata mahali kilipopita." Machozi yalianza kumtoka. "Ongeza, mke wangu."

Akaongeza. Miezi mitano alikuwa amelingoja neno lile bila kujua. Alimlisha mpaka chupa zikalia utupu, na jioni akarudi na nyingine, na kesho yake mara tatu. Vile vikombe vya mtaalamu fundi saa alivinywa pia, kwa heshima, na mtaalamu akaviwekea alama kwenye karatasi yake: amemaliza, amemaliza, amemaliza.

*

Siku ya tatu asubuhi Mama Sufuria alipofika na fungu lake la shuka, wifi nyuma yake, aliwakuta watu wanne wamezunguka kitanda.

Miguu ya mumewe ilikuwa imevimba, ngozi imenyooka na kung'aa. Alikuwa akipumua juu juu, mdomo wazi. Mashine iliyounganishwa kifuani pake ililia bila mpangilio, mara haraka haraka, mara ikasita, na kila iliposita Mama Sufuria alisita nayo. Alimshika mkono. Ulikuwa mlegevu kama nguo iliyolowa.

"Fundi. Mimi hapa."

Mume alimtazama. "Leo vibarua hawali?" aliuliza, na akageukia ukutani kana kwamba ukuta ndio uliomwuliza.

Daktari alikuwa akitazama picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. "Nina wasiwasi tulipopanua umio tumeuchana," alimwambia muuguzi. "Picha haisemi vizuri, lakini jana alikuwa mzima na leo hivi. Mwandaeni. Tutafungua kifua tuone."

Mtaalamu wa lishe aliingia akitembea upesi, karatasi mkononi. "Daktari, majibu ya damu. Madini ya fosfeti yako chini kabisa. Potasiamu pia imeshuka. Hizi si dalili za umio kuchanika. Huyu ni mtu aliyekuwa na njaa, kisha akalishwa kwa pupa."

"Umemlisha wewe."

"Vikombe sita kwa siku."

"Basi siyo hiyo. Vikombe sita vya maziwa haviwezi kumfanya mtu hivi."

"Si rahisi," alikubali binti, na sauti yake ikapungua. Alitazama karatasi yake yenye alama nadhifu. "Kwa vikombe hivi, si rahisi."

"Tunapoteza muda."

"Daktari, kwa kilo zile, kisu hatakivumilia."

"Na akiwa na tundu nikamwacha, atafika jioni?"

Binti aligeuka, akamwona mke amesimama na fungu la shuka kifuani. Hakuliangalia fungu. Alimwangalia usoni. "Mama," alisema, "kuna kitu kingine alichokula?"

Mama Sufuria alihisi vidole vya wifi nyuma ya mkono wake, vikiminya nyama mpaka ndani. Mminyo ule ulisema yote. Nyamaza. Ukisema, wewe ndiye uliyemuua. Watasema mbele ya watu, mpishi amemuua mumewe kwa mkono wake. Na mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameacha hata kukohoa ili asikie.

Mashine ilisita.

"Uji," alisema Mama Sufuria.

"Uji kiasi gani?"

Na hapo kitu kilimjia ambacho hakukitarajia. Aibu ilikuwa imemjaa mpaka masikioni, lakini alikuwa ameulizwa vipimo, na vipimo alivijua. "Chupa ya lita moja. Ndani yake maziwa nusu lita, unga vikombe viwili vya chai, sukari vijiko kumi na viwili vya kujaza. Na chupa ya pili ya viazi, vikubwa sita, siagi robo. Hiyo ni juzi mchana. Juzi jioni tena uji, chupa nzima. Jana asubuhi uji, na asali vijiko vinne. Jana mchana viazi na mayai matatu. Jana jioni..." Sauti ilikatika. "Jana jioni aliomba nyongeza. Nikampa wali wa maziwa. Bakuli mbili."

Binti alikuwa akiandika. Hakuinua macho mpaka alipomaliza. "Asante, mama," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepokea mzigo mzito kutoka mikononi mwa mwingine. "Daktari, ni zaidi ya mara saba ya kiasi changu. Kwa siku mbili."

Daktari aliirudisha picha ndani ya bahasha.

"Sitisheni upasuaji. Leteni fosfeti ya dripu. Mtu wa lishe, sema unataka nini."

"Vitamini B1 ya sindano sasa hivi. Potasiamu, magnesiamu. Chakula tunashusha chini kabisa. Damu kila baada ya saa sita."

Wifi aliachia mkono wa Mama Sufuria. Alitafuta kiti, akakaa, akaanza kusugua goti lisilokuwa likiuma.

*

Mchana ule mtaalamu wa lishe alimkuta Mama Sufuria kwenye benchi la korido, chupa mbili zimejaa miguuni pake.

"Nifukuze," alisema Mama Sufuria. "Nastahili."

"Nimekasirika, ndiyo," alisema binti. Akaketi. "Lakini nusu ya hasira ni juu yangu mwenyewe. Nilikueleza nikiwa nimesimama, mguu mmoja kitanda cha pili. Hayo si maelezo. Sasa nimekaa."

Na akaeleza. Alisema mwili ukinyimwa chakula muda mrefu hubadilisha maisha yake. Huzima kila kisicho cha lazima. Hula akiba ya mafuta, ikiisha hula nyama. Nyama ya mapaja, ya mikono, ya moyo.

"Ya moyo?"

"Moyo ni nyama, mama. Umekonda pamoja naye."

Mama Sufuria aliweka kiganja kifuani pake mwenyewe.

"Sasa sukari nyingi ikiingia ghafla, mwili wote unaamka kwa mkupuo, na kila chembe inadai madini ili ifanye kazi. Inayachota kwenye damu. Yenyewe yalikuwa machache, damu inabaki haina kitu. Moyo uliokonda unatafuta nguvu ya kupiga, haupati."

Mama Sufuria alikaa na maneno yale. Alifikiria jiko lake la kuni siku ya mvua, kaa moja tu limebaki hai chini ya majivu. Mtu mwenye haraka hutupa gogo juu yake. Yeye hajawahi kufanya hivyo. Huanza na makapi, kisha vijiti, hupuliza, hungoja. Miaka ishirini alikuwa akilifanyia jiko heshima ile, lakini akamtupia mumewe gogo.

"Mlijuaje?" aliuliza. "Nani aliona mpaka ndani ya damu?"

"Mwanzo tulijua kwa vifo. Zamani, vita vilipoisha, kulikuwa na watu waliofungiwa na njaa. Askari waliowakomboa waliwahurumia, wakawapa walichokuwa nacho. Wengine walikufa na chakula mkononi. Ndipo watu wakaanza kuuliza." Binti alivua miwani, akaifuta. "Siku hizi tunapima. Kuna watafiti waliochukua wagonjwa zaidi ya elfu mbili waliokuwa hatarini kwa kutokula. Nusu wakapewa chakula cha kawaida cha hospitali. Nusu, kila mmoja akapangiwa chake na kufuatiliwa, amekula nini, amebakisha nini. Mwezi ulipoisha, waliopangiwa walikuwa wamekufa wachache zaidi."

"Kwa dawa gani?"

"Dawa zilikuwa zile zile za ugonjwa wa kila mtu. Kilichotofautiana ni chakula."

"Chakula tu?"

"Chakula tu, mama. Kikipimwa."

Mama Sufuria alitazama mikono yake, yenye makovu ya mvuke na mafuta. Alikuwa akidhani ni mikono ya kushibisha tu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kitu anachokishika kila siku ni kikubwa kiasi kile, kwamba watu wenye elimu hukaa wakihesabu vijiko na vifo, na vinajibizana.

"Na nikwambie ukweli," binti aliongeza. "Mpaka leo tunabishana. Wapo wenzangu wanaosema vikombe vyangu vilikuwa vidogo mno, ningeweza kuanza na zaidi kidogo. Huenda ni kweli. Ndiyo maana sibahatishi, naiuliza damu."

"Atapona?"

"Sijui. Damu ya saa kumi itaniambia."

*

Damu ya saa kumi ilisema fosfeti imepanda kidogo. Iliyofuata ilisema imepanda tena. Kesho yake mashine iliacha kusita. Mama Sufuria alikuwa amekaa karibu nayo tangu alfajiri, na kwa muda mrefu hakuamini, akasikiliza kama mtu anayesikiliza nyayo za mgeni mlangoni: moja, moja, moja. Hakukuwa na kisu. Hakukuwa na mwujiza wa kelele. Kulikuwa na chumvi fulani ndani ya maji, ikidondoka tone kwa tone, na mtu akirudi nayo.

Siku ya pili ya dripu miguu ilianza kunywea. Siku ya nne fundi saa alimwita dada yake kwa jina lake la utotoni, lile analolichukia.

"Amepona huyo," alisema wifi, na akageuka kufuta macho. Kisha alimsogelea Mama Sufuria bila kumtazama. "Wifi. Siku ile nilikuminya."

"Alama bado ipo."

"Ungenisikiliza mimi, tungekuwa tumeshamzika."

"Nilikusikiliza siku mbili nzima," alisema Mama Sufuria. Lilimtoka bila kufikiri. Wifi alifungua mdomo, akaufunga, na ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane ya uwifi wao kuufunga kabla haujamaliza kazi.

Vikombe vilirudi. Siku ya tano vilikuwa vikubwa kidogo, siku ya saba vikafuatiwa na yai, siku ya nane na vijiko vya viazi. Kila asubuhi binti alikuja na majibu ya damu, naye Mama Sufuria alimwuliza imesemaje, kama anayeuliza habari za mzee wa nyumba. Kisha akafundishwa kuandika mwenyewe, herufi zake kubwa na za kupinda: saa mbili, amekula chote. Saa nne, amebakisha kijiko kimoja. Vibarua wangemwona wangecheka mpaka waanguke kwenye zege. Mama Sufuria, na karatasi!

Siku ya tisa binti alimkabidhi kikombe cha kupimia chenye mistari. "Leo mpe wewe," alisema. "Mimi nipo chumba cha pili." Na akaenda, bila kugeuka kuangalia.

Ilikuwa saa sita mchana. Mama Sufuria alimimina mpaka kwenye mstari. Akainama kuutazama kwa usawa wa jicho, akapunguza tone. Fundi saa alikunywa, akala viazi vyake, akakwangua bakuli mpaka kijiko kikapiga kelele. Akamnyooshea mkewe.

"Ongeza."

Macho yake yalikuwa safi sasa, yenye uchu na ukorofi. Kabatini maziwa yalikuwepo. Viazi vilikuwepo. Wodi nzima hakuna aliyekuwa akiwatazama.

"Saa nane," alisema mkewe.

"Saa nane mbali. Nina njaa, mke wangu."

"Najua."

"Watu mia mbili unawamwagia kwa upawa. Mumeo unampimia?"

"Wale wakivimbiwa watalala chini ya ukuta waamke. Wewe nilikuona ulivyokuwa." Alichukua bakuli kutoka mkononi mwake. Hakuwahi, kwa miaka yake yote, kumwondolea mtu bakuli angali akitaka. Alililaza kabatini kifudifudi. "Saa nane nitakupa. Na saa kumi. Na kesho, na kesho kutwa. Chakula hakiendi popote, Fundi. Na mimi siendi."

Fundi saa alicheka, kicheko chembamba, akajilaza.

"Basi hebu sikia linavyokutukana," alisema, akauchukua mkono wa mkewe na kuuweka juu ya tumbo lake.

Mama Sufuria alihisi. Chini ya ngozi ile nyembamba tumbo lilikuwa likinguruma. Lilianza mbali, kama sufuria kubwa inayokaribia kuchemka, likasogea, likazunguka chini ya kiganja chake, likatulia, likaanza tena kwa nguvu zaidi. Miezi mitano tumbo lile lilikuwa limenyamaza. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ya kuunyamazisha mlio ule kwa watu, haraka, kabla haujamaliza kusema.

Alivuta kiti karibu zaidi. Hakuondoa mkono. Akainamisha kichwa, akausikiliza.